Karibu ya Pili

Mtu wa kwanza niliyemwona akipiga hodi kwenye mgongo wa mwenzake alikuwa mwalimu wangu. Mchimbaji mmoja alikuwa amelala kifudifudi juu ya benchi, shati kalivua, suruali imejaa vumbi la mawe. Mwalimu alisimama kando yake, viganja vimeinuliwa kidogo kama mtu anayeota moto, akasema, "Hodi." Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la wali. Nikacheka. Mchimbaji naye akacheka, akasema karibu. Mwalimu hakucheka. Alisubiri mpaka kicheko kikaisha mabegani mwa yule mtu, ndipo akashusha mikono.

Hapo ilikuwa Bugarama, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Mimi nilikuwa mama ntilie niliyepeleka chakula cha mchana, na umri wangu ulikuwa umeshapita ule wa kujifunza kazi mpya, au ndivyo nilivyodhani. Sikujua kwamba mikono yangu ingekuja kufanya kazi ileile, wala kwamba ingefanya kosa ambalo yeye angelibeba. Hilo nalitaja mapema nisije nikajificha tena kwenye maneno. Kwa miaka tisa nimesimulia habari za mtu huyu kwa uongo mbele ya wanafunzi wangu, na uongo wenyewe niliusimulia vizuri sana.

Jina lake silitaji. Sote tulimwita Mwalimu, hata mkewe, hasa alipotaka kumchokoza.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, mikono mirefu isiyolingana na mwili. Mguuni hakuvaa kitu kingine ila katambuga, zile ndala za tairi zinazovaliwa na wachunga ng'ombe, na alizivaa hata siku alipoitwa ofisini kwa mtendaji wa kata. Alizivua mlangoni na kuzigeuza zitazame nje. "Mtu wa duara haingii mahali asipojua atatokaje," alisema. Ukifika ukakuta katambuga zinatazama barabara, ujue Mwalimu yumo ndani.

Duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, na humo ndimo alimomaliza ujana wake. Hakuwa mchimbaji hasa. Alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayowekwa chini ili ukuta usiwaangukie watu. Kila asubuhi aliteremka kabla ya wenzake, akagonga gogo moja moja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Gogo zima lina sauti yake, na lililoanza kuoza lina yake. Watu walishuka au walikaa juu kwa neno lake. Kazi ya namna hiyo humfanya mtu awe mkali, na yeye hakuhitaji kusaidiwa katika hilo.

Kilichomtoa duarani ni karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Ilifungwa karibu na mdomo wa shimo, upande wake wa kushoto, na baada ya miaka kadhaa sikio la kushoto likafa. Lililobaki halikutosha kusikiliza magogo. Alikuwa amepita miaka arobaini na tano, ana watoto shuleni, na kitu pekee alichokijua duniani kilikuwa kimemponyoka. Kwa miezi michache alidanganya. Aligonga, akajifanya anasikia, huku ameweka kiganja kwenye gogo ili ahisi mtetemo. Aliniambia kwamba katika kudanganya huko ndipo alipogundua kuwa kiganja kinajua mambo ambayo sikio halikuwahi kumwambia. Hata hivyo alikwenda kwa msimamizi akasema ukweli, akaacha kazi siku hiyohiyo. Msimamizi alikuwa ameketi mbele yake, ameshika kiuno kwa maumivu, na Mwalimu, kwa mazoea tu, akamwekea kiganja mgongoni, akahisi palipokaza.

Watu husimulia habari kama hiyo wakaishia hapo, eti mtu kaamka siku moja ana kipaji. Yeye alichukia kusimuliwa hivyo. Alikwenda kwenye hospitali moja, akaomba kazi ya kusukuma machela, na kwa miaka miwili alimfuata mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama ndama anavyomfuata mama yake. Mtaalamu alikuwa na umri wa mtoto wake wa kwanza. Mwalimu alimpa shikamoo kila asubuhi, na kijana wa watu aliona aibu hata akawa anajificha. "Anayenifundisha ni mkubwa wangu," Mwalimu alimwambia. "Ukiona haya, nifundishe haraka tumalize."

Mlangoni pa chumba chake cha Bugarama aliandika kwa rangi nyekundu: KUKANDA MWILI. SI MASAJI. Mnajua wenyewe neno masaji limebeba nini katika miji ya dhahabu. Walikuja walevi, walikuja wanunuzi wa dhahabu wenye minyororo shingoni, wakiuliza wasichana wako wapi. Nilikuwepo siku mmoja wao alipoingia na miwani yake ya jua, akajilaza benchini bila kuulizwa, akasema anataka huduma yote.

"Unaumwa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Siumwi popote, mzee."

"Basi hapa hatuna kazi na wewe. Tunakanda maumivu. Kama huna, nikutafutie."

Akambonyeza kwa kidole gumba kwenye shavu la mguu, mahali ambapo sisi wanafunzi tulipajua na kupaogopa. Yule bwana aliruka mpaka miwani ikaanguka. Baadaye akawa mteja mwaminifu, kwa maana kumbe kweli alikuwa na maumivu, ila alikuwa ameyazoea.

Alipoanza kufundisha tulikuwa sita, wanne wanawake, na hakuna aliyekuwa chini ya miaka thelathini na mitano. Hakutaka vijana. Alisema kijana ana nguvu, na nguvu ndiyo adui wa kwanza wa mkandaji. Mimi niliacha sufuria zangu nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Baba Kulwa, mume wangu, aliuliza kama nimerogwa. Ndugu zake walisema Mama Kulwa anakwenda kushikashika wanaume wa watu. Nilikwenda hivyohivyo, kwa sababu tangu nikiwa msichana wanawake waliojifungua walikuwa wakiniita niwakande kwa maji ya moto, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo ni elimu.

Somo lake la kwanza lilikuwa singa, unywele mmoja wa mkia wa ng'ombe. Aliliweka mezani, akalifunika kwa kanga, akasema tulitafute kwa ncha za vidole. Ukilipata, akaongeza kanga ya pili, kisha ya tatu. Wiki mbili tulipapasa kanga kama vipofu. Mwenzetu mmoja alilia kwa hasira akaenda zake. Mimi nilipolipata chini ya kanga tatu nilitaka kupiga vigelegele. Mwalimu akasema, "Mh." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na sijawahi kumsikia akitoa nyingine. Tulizihesabu mh zetu kama watoto wanavyohesabu gololi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliwaambia wagonjwa wapumzike, na yeye alikula kasimama. Alitufundisha subira, halafu alimfokea kondakta kwa basi kuchelewa dakika tano. Mwanafunzi wake mmoja alipofungua chumba Kahama, Mwalimu alinuna mwezi mzima, hakutaka hata jina lake litajwe. Mwezi ulipokwisha akampelekea benchi lake mwenyewe, lile zuri la mninga, sisi tukabaki na la mbao za maboksi. Na mtu huyu aliyeishi kwa kugusa watu hakugusika. Mkono alikupa ncha za vidole tu. Mgongo wake hatukuwahi kuuona. Nilimuuliza siku moja kama haumwi, akanijibu kwamba fundi wa matimba hawekewi matimba.

Huo ulikuwa mmoja wa misemo yake ya shimoni. Mwingine nao nitauandika hapa kwa sababu ulikuja kuniumiza: "Gogo likivunjika, haulizwi gogo. Anaulizwa aliyeliweka."

Ila msingi wa mafundisho yake ulikuwa hodi. Mwili ni nyumba ya mtu, alisema, na hakuna anayeingia nyumba ya mtu kimyakimya isipokuwa mwizi. Piga hodi, ungoje karibu. Kwa kuwa sikio lake lilikuwa moja, alitazama bega la mgonjwa kuliko alivyosikiliza mdomo. "Ya mdomo naisikia nusu," alisema. "Ya bega naiona yote." Baada ya hodi yalikuja maswali matatu, na hakuna kidole kilichogusa ngozi kabla ya majibu yake. Umeanguka au umeangukiwa na kitu? Una ganzi popote? Mkojo unakwendaje? Jibu moja likiwa baya, hukandi, unampeleka hospitali hata kama analia umkande. Na la mwisho aliliandika ukutani kwa mkaa, pamoja na namba yake ya simu: UNA SHAKA, PIGA. NISIPOKUWEPO, MGONJWA MPYA HAGUSWI.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Mwalimu alikuwa amekwenda Chato kwenye msiba wa shemeji yake. Nilikuwa nimesoma kwake mwaka na nusu, na wagonjwa wa zamani walikuwa wameanza kuniita mwalimu pia. Nilikuwa nikijifanya sitaki, na moyoni nilikuwa nalila jina hilo kama sukari. Asubuhi ya siku ya tatu alikuja kijana aitwaye Shija, mchimbaji, anatembea kwa kujivuta, mkono mmoja ukutani. Akasimama mlangoni, akainama kadiri alivyoweza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Mgongo umekaza. Wenzangu wameniambia hapa mnafungua."

Alikuwa na umri wa watoto wangu. Alikuwa na adabu ya watoto wa vijijini kwetu, ile ya kumjibu mkubwa huku anatazama chini. Nikamlaza. Nikapiga hodi, akasema karibu. Nikauliza kama ameanguka. Akasema gogo lilimgusa kidogo juzi, si sana. Neno "gogo" lilitosha. Nilipaswa kuishia pale. Nikauliza kama ana ganzi, akasema miguu inachoka tu. Swali la tatu likanikwama. Mtoto amekuamkia shikamoo, umeitikia marahaba, unamuulizaje mkojo wake? Mdomo ulikataa. Na simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, ina salio, namba iko ukutani mbele ya macho yangu. Sikupiga, kwa sababu ukipiga unasema kwamba hujui.

Nilimkanda. Nilipofika kiunoni nikahisi mahali pamekaa vibaya, pamejitenga, na badala ya kuondoa mikono nikaegemea. Alitoa mguno mfupi. Nikamuuliza, "Niendelee?" Akasema, "Karibu, mama."

Kesho yake hakuweza kusimama. Hospitali walisema pingili ya uti wa mgongo ilikuwa imevunjika tangu siku ya gogo, na kwamba imesogea. Hawakusema nani aliisogeza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mwalimu alirudi kutoka Chato akakuta ndugu wa Shija wamejaa uani, wengine wameshika fimbo. Mtendaji wa kata alikuwepo, na mama yake Shija alikuwa ameketi chini, mtandio umemwangukia mabegani. Waliuliza ni nani aliyemkanda mtoto wao bila kumchunguza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma ya Mwalimu, na ulimi wangu ulikuwa mzima.

"Ni mimi," Mwalimu akasema. "Huyu mama alinipigia simu Chato, akanieleza, nikamwambia mkande. Yeye ni mwanafunzi, kafanya alichoagizwa."

Hakugeuka kunitazama. Mtu mmoja alimpiga fimbo ya bega, mtendaji akamzuia asirudie. Mama yake Shija aliinuka, akamsogelea Mwalimu, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akasema kwa Kisukuma kwamba hataki kusikia sauti yake mpaka afe. Nami nilinyamaza. Nilijiambia nitasema watu wakitulia. Walipotulia nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki, nikisema nitamharibia hata yeye kwa kuonekana mwongo. Woga una maneno mazuri kuliko ya wakili.

Wiki hiyohiyo alifunga chumba. Nilimkuta anafuta namba yake ukutani kwa kitambaa chenye maji. Nilifungua mdomo nimwambie asante au nisamehe, sijui ningesema lipi, akanikatiza.

"Nilikosea somo," akasema. "Niliwafundisha karibu moja. Katika nchi hii kila mtu husema karibu. Nyumba inaungua, ukipiga hodi utaambiwa karibu. Mtoto aliyekupa shikamoo atakwambia karibu hata ukiwa umeshika panga. Ile ya kwanza ni ya adabu, si yake. Ukishaambiwa karibu usiingie. Simama nje, sema wewe ni nani na umekuja kufanya nini, kisha ngoja karibu ya pili."

"Na isipokuja?"

"Unangoja. Au unaondoka."

Akavaa katambuga zake. Sikumwona tena kwa miaka tisa. Wengine walisema amerudi duarani, wengine walisema amehamia Chato na anavua samaki. Kwamba Shija alipelekwa kwa mama yake Ibadakuli nilijua tangu siku ya kwanza. Nyumba yenyewe nilielekezwa bila kuuliza. Nilijua ilipo kama mtu anavyojua jino bovu lilipo, na niliuepuka upande huo nilipotafuna.

Mimi nilikwenda Geita mjini. Mungu hana haraka ya kuadhibu, akanipa riziki. Nilianza na benchi moja, sasa nina manne, nina wanafunzi, na wananiita mwalimu mchana kutwa. Nawafundisha singa la ng'ombe, nawafundisha maswali matatu, nawafundisha karibu mbili. Na kila kundi jipya linapofika somo la karibu ya pili, nalisimulia kisa. Nasema: mwalimu wangu, mtu hodari kuliko wote, siku moja alikosea. Alikuja kijana mwenye adabu, akampa shikamoo, mwalimu akaona haya kumuuliza mkojo, akamkanda, kijana akapoteza miguu. Wanafunzi huinamisha vichwa. Wengine hufuta machozi. Hapo mwanzo nilimtia Mwalimu katika kisa kwa kuteleza tu, nikitafuta njia fupi ya kukieleza. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha mzoea humo.

Mwaka huu nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, aliyekuwa mfua nguo hotelini. Haongei. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyo mwalimu wako alikuwa mwanamume?"

"Ndiyo."

"Na kijana mwanamume?"

"Ndiyo."

"Sasa mwanamume kumuuliza mwanamume mwenzake mkojo, haya gani hiyo? Hiyo haya naijua. Hiyo ni haya ya mama."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataka kuelewa somo. Wenzake walimgeukia, kisha wakanigeukia mimi. Niliwaambia darasa limekwisha, nikaenda kukaa kwenye stoo ya mafuta mpaka wote wakaondoka. Siku mbili baadaye nilipanda basi la kwenda Shinyanga.

Nilifika Ibadakuli jua limeshavuka utosi. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, bati, na pazia la maua mlangoni. Kwenye kidirisha cha mbele kulikuwa na kibao cha fundi simu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, na yote yalinitoka nilipotazama chini. Kizingitini kulikuwa na katambuga, kuukuu, zimegeuzwa zitazame barabara.

Nilitaka kuondoka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilirudi hatua tatu mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, nikasimama nimebana mkoba. Ingekuwa rahisi kumkuta Shija peke yake, akanitukana, nikalia, nikapanda basi. Sikujiandaa kumkuta na yule niliyemsingizia. Nikarudi mlangoni kabla moyo haujapata maneno mengine.

"Hodi."

"Karibu," sauti ya kiume ikajibu palepale, sauti ya mtu ambaye hajui nani yuko nje.

Sikuvuka. Upepo ulilisogeza pazia nikaona ndani. Shija alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba, amenenepa usoni, ana ndevu sasa. Mwalimu alikuwa ameinama kwenye mguu wake wa kulia, ananyoosha goti pole pole, analikunja, analinyoosha. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa amenipa upande wa kushoto, wa sikio lililokufa, na hakujua kwamba mtu amekuja.

"Shija," nikasema, "ni mimi Mama Kulwa, wa Bugarama. Nina neno kabla sijaingia. Siku ile sikumpigia Mwalimu simu. Hakuniagiza. Alikuwa amekataza mgonjwa mpya asiguswe, na aliandika ukutani. Uliniamkia, nikaona haya kukuuliza, na nikataka kuonekana najua. Ni mimi. Mwalimu aliongopa kunificha, na mimi nikanyamaza."

Goti lilikunjwa, likanyooshwa. Shija alikuwa ameinua kichwa, ananitazama kupitia pazia.

"Nilimuuliza," akasema. "Mwaka wa kwanza. Nikamwambia, Mwalimu, mimi nililala pale benchini, sikusikia mtu akipiga simu. Akasema ulipiga kabla sijaingia. Nikaamua kumwamini. Ningefanyaje? Ndiye aliyekuwa anakuja."

"Anakuja tangu lini?"

"Amepanga chumba hapo nyuma. Kila siku ila Jumapili, asubuhi na alasiri. Bila yeye miguu hii ingekuwa imejikunja kama ya kuku." Alimtazama Mwalimu, ambaye aliendelea na goti. "Hajakusikia. Upande huo hasikii."

"Najua."

"Kila asubuhi akiingia anamwambia mama mwangaluka. Mama hajamwitikia hata siku moja. Maji anampa. Chakula anampa. Salamu hampi." Akakohoa. "Rudia maneno yako. Mama yuko uani, nitamwita asikie."

"Shija..."

"Hukuja kwangu tu, Mama Kulwa. Rudia."

Akapaza sauti. Mama yake akaja kwa kuzunguka nyumba, mikono imelowa, ana majani ya mlenda kwenye ungo. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomtarajia. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, kama anavyojibu mtu yeyote. Hakunitambua.

Nikarudia. Mara ya pili maneno yalikuwa machache na yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu nilimtazama yeye. Nilisema ni mimi niliyemkanda mwanao bila kuagizwa na mtu. Nilisema huyu aliye ndani hakuwepo wala hakujua. Nilipomaliza nilibaki nimepiga goti, nikingoja ungo unipige kichwani, na nadhani ningeshukuru.

Hakunipiga. Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akanipita bila kunigusa, akaingia ndani. Akasimama kando ya Mwalimu.

"Mwangaluka," akasema.

Ni salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa limeshaelekea magharibi. Mwalimu hakusikia. Alikuwa anahesabu mikunjo ya goti kwa midomo. Yule mama akabaki amesimama, salamu ameitoa na haijapokelewa. Shija akanyoosha mkono, akamgusa Mwalimu kwenye kifundo cha mkono.

"Mwalimu. Mama anakusalimu."

Mikono yake ikasimama. Sikuwahi kuiona ikisimama katikati ya kazi. Aligeuka, akamtazama yule mama, kisha akatazama mlangoni akaniona mimi nimepiga goti kwenye vumbi. Alielewa yote pale pale. Alikuwa amesoma migongo ya watu miaka mingi, na uso wangu haukuwa mgumu kuliko mgongo. Hakukasirika, hakufurahi. Hata ile "mh" sikupata.

"Mwangaluka, mama," akamjibu. Akasimama wima, akarudia. "Mwangaluka."

Akageukia goti, akashindwa kulikunja. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, viganja vimelala mapajani, na yule mama akaketi upande wa pili. Mimi nilikuwa bado nje. Nilikuwa nimeshasema mimi ni nani na nimekuja kufanya nini.

Mama yake Shija ndiye aliyenikumbuka. Akamuuliza mwanawe kwa sauti ya chini, "Aingie?"

Shija alinitazama. Nilijilazimisha nisimwombe kwa macho.

"Bado," akasema. "Mpe kigoda."

Mama akaleta kigoda cha miguu mitatu, akakiweka nje ya kizingiti, kando ya zile katambuga, akarudi ndani. Nikakaa.